Rhodes nyuma ya watalii: kisiwa cha Ugiriki kinapopumzika, nani anapumzika kweli?

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi, kisiwa cha Rhodes kule Ugiriki kinaanza kunyamaza. Avioni za watalii zinapungua, hoteli za kando ya bahari zinafunikwa, viti vya kwenye mchanga vinafungwa kwa kamba na kupelekwa depo. Wakati huo ndio wageni wengine, wachache, wanachagua kuja: wale wanaotafuta utulivu, hewa isiyochoma na bei isiyokatisha tamaa. Lakini kile kinachoitwa pumziko kwa mgeni, kwa mkaaji wa kisiwa kinaweza kuwa miezi mitano ya kuhesabu feza moja moja. Tena kisiwa hiki si kigeni kwa Kongo sawa vile wengi wanavyofikiri: kiko na njia ya zamani inayofika mpaka Lubumbashi na ziwa Mweru. Haya ndiyo maelezo.

Rhodes ni wapi?

Rhodes iko kusini-mashariki mwa Ugiriki, karibu zaidi na Uturuki kuliko na Athens, mji mkuu. Kutoka pwani yake mpaka pwani ya Uturuki ni kilometa 18 hivi. Mtu akisimama ufukoni siku isiyo na ukungu, anaona milima ya ngambo kwa macho yake. Ndicho kisiwa kikubwa cha kundi linaloitwa Dodecanese, jina ambalo kwa Kigiriki linatokana na hesabu ya visiwa kumi na mbili. Kina kilometa za mraba 1,400 hivi, ni kusema mara nne na zaidi ya Idjwi yetu. Wakaaji wake wa kudumu ni kama 125,000.

Wenye nguvu wengi wamepita pale. Zamani sana kulikuwa sanamu kubwa la shaba, urefu wa mita 33 hivi, ambalo watu wa kale walilihesabu kati ya maajabu saba ya dunia. Tetemeko la ardhi lililiangusha katika karne ya 3 mbele ya Kristu. Wapiganaji wa kidini walioitwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane walitawala tangu mwaka 1309 mpaka 1522, wakajenga kuta nene ambazo zinazunguka mji wa zamani mpaka leo. Waturuki wa Osmani wakafuata, nyuma yao Waitalia kuanzia mwaka 1912. Kisiwa kiliingia rasmi katika Ugiriki kisha vita kuu ya pili, na kila tarehe 7 Machi wakaaji wanakumbuka siku hiyo ya mwaka 1948 kwa maandamano. Tangu mwaka 1988, mji wa zamani uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

"Msimu" ni nini, na unakatika namna gani?

Sisi mashariki mwa Kongo tunahesabu mwaka kwa mvua na kipwa. Kule Rhodes mwaka unahesabiwa kwa watalii. Msimu unafunguka mwezi wa nne, unapanda mpaka Julai na Agosti, kisha unashuka na kufungwa mwisho wa Oktoba ao siku za kwanza za Novemba.

Ugiriki ni nchi ya watu milioni 10 na kidogo, lakini mwaka 2024 ilipokea wageni wapatao milioni 36. Uwanja wa avioni wa Rhodes peke yake unapitisha zaidi ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Katika mwezi wa Agosti wanapita zaidi ya milioni moja. Katika Januari wanabaki makumi ya maelfu tu, na karibu wote wanapitia Athens. Ndipo shida inapoonekana: hesabu ya mwaka ni kubwa, lakini imefungiwa ndani ya miezi michache.

Juu ya nini hoteli zisibaki wazi mwaka mzima? Jibu liko katika namna safari zinavyouzishwa. Watalii wengi wa Uingereza, Ujerumani na nchi za kaskazini mwa Ulaya hawanunui tiketi peke yake; wananunua safari nzima, yaani avioni, chumba na chakula kwa bei moja. Kompanyi zinazouzisha safari hizo zinakodi avioni za kwenda moja kwa moja mpaka Rhodes, lakini kwa msimu tu. Avioni zikisimama, wateja wamesimama. Tuseme hoteli iko na vyumba 300 na wageni wamebaki 20: umeme, maji ya moto, wapishi na wasafishaji vitakula feza kuliko zile zinazoingia. Mwenye hoteli anaona heri afunge.

Akifunga, wengine wanafunga nyuma yake. Anayefua mashuka hana mashuka tena, anayeuzisha samaki hana mpishi wa kununua, dereva wa taksi hana mtu wa kupeleka uwanjani. Duka la kofia na sabuni za zeituni linashusha mlango wa chuma. Katika wiki mbili ao tatu, kartie nzima za hoteli, kwa mfano kule Faliraki, zinabaki na paka na walinzi.

Mgeni wa Novemba anapata nini?

Kwanza anapata hewa. Kiangazi cha Rhodes kinaweza kuwa kikali sana. Katika mwezi wa saba 2023 joto lilipita digri 40 sehemu nyingi za Ugiriki. Novemba ni hadithi ingine. Mchana mara nyingi ni karibu digri 20, na bahari ingali na joto la kiangazi, kiasi kwamba wenye moyo wanaendelea kuogelea. Hata Januari, mwezi wa baridi zaidi, mchana unafika digri 15 hivi pale mjini na usiku unashuka mpaka karibu 9. Kwa mtu wa Butembo ao wa Minembwe, hiyo si baridi ya kutisha.

Pili anapata nafasi. Katika Agosti, njia nyembamba za mji wa zamani zinajaa sawa soko la Kadutu siku ya posho. Katika Novemba, mtu anaweza kupanda Njia ya Mashujaa, ile barabara ya mawe yenye nyumba za karne ya 15 na 16, akasikia viatu vyake mwenyewe. Kule Lindos, kijiji cheupe kilometa 50 hivi kusini mwa mji, watalii wa kiangazi wanapanda kilima chini ya jua kali, wengine juu ya punda, ili kuona mabaki ya hekalu la Athena. Nyuma ya msimu, kilima kile kinapandwa polepole, kwa upepo, bila kusukumana.

Tatu anapata bei. Hoteli ndogo na nyumba za kupanga zinazobaki wazi zinashusha bei sana, sababu chumba kitupu hakileti kitu. Hata kodi ya serikali inashuka. Ugiriki inatoza kila chumba malipo ya kila usiku kwa ajili ya kupambana na mabadiliko ya hali ya hewa. Tangu mwaka 2025, katika hoteli ya nyota tano malipo hayo ni euro 15 kuanzia Aprili mpaka Oktoba, lakini euro 4 tu kuanzia Novemba mpaka Machi. Tena, siku ya yenga ya kwanza ya kila mwezi, tangu Novemba mpaka Machi, majumba ya makumbusho na mahali pa kale pa serikali panaingiwa bila kulipa.

Nne, na wengi wanasema hili ndilo kubwa, anapata watu. Wakati wa Agosti mhudumu anakimbia kati ya meza arobaini. Hana dakika ya kuuliza mgeni anatoka wapi. Katika Desemba, ndani ya kafenio, yaani nyumba ya kahawa ya kijiji, wazee wanacheza tavli, mchezo wa bao lenye vidonge na dadu, na mgeni akiingia watamtazama, watamsalimu, na mara nyingi kikombe cha kwanza hatalipa yeye.

Chakula nacho kinabadilika. Menyu za watalii zenye picha zinaondolewa, vyungu vya nyumbani vinarudi: supu ya dengu, mboga za porini zinazochumwa kisha mvua za kwanza na kunyunyiziwa mafuta na ndimu, pitarudia ambazo ni vitumbua vya unga ao vya njegere za pale vilivyokaangwa na majani ya mnanaa. Melekuni, utamu wa ufuta na asali ambao kwa desturi unagawiwa kwenye ndoa na ubatizo, unauzishwa mwaka mzima.

Mgeni huyo anakosa nini?

Ukweli wote usemwe, maana picha za kwenye simu hazionyeshi mvua. Kati ya Novemba na Februari ndipo sehemu kubwa ya mvua ya Rhodes inanyesha, na ikinyesha inaweza kunyesha kwa nguvu, siku mbili ao tatu. Desemba jua linatua karibu saa kumi na moja za jioni. Nyumba nyingi zilijengwa kwa kupambana na joto, si baridi. Kuta za mawe zinashika unyevu na chumba kinahitaji kupashwa moto. Anayepanga nyumba inafaa aulize mapema umeme huo unalipwa na nani.

Bisi za kwenda vijijini zinapungua, na kule Lindos karibu kila mlango umefungwa. Mahali pa kale panafungwa mapema alasiri. Avioni za moja kwa moja hazipo tena: inabidi kupitia Athens, ao kupanda meli kubwa kutoka bandari ya Piraeus, safari ambayo inaweza kula usiku mzima na sehemu ya mchana. Upepo ukifika kipimo cha 8, mara nyingi wakubwa wa bandari wanazuia meli kutoka. Hapo mgeni anabaki kisiwani siku moja ao mbili zaidi, apende asipende. Kwa hiyo anayekwenda wakati ule hatakiwi kupanga safari ya kurudi kwa kubana saa. Watu wa ziwa Kivu na Tanganyika wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: maji yakikataa, yamekataa.

Wakaaji wanaishi namna gani?

Hapa ndipo neno "kutulia" linabadilika maana. Kwa kijana aliyefanya kazi ya hoteli tangu Aprili, mara nyingi siku sita ao saba kwa wiki, Novemba kweli ni mwezi wa kulala usingizi. Lakini mshahara umekatika. Serikali ya Ugiriki inatoa msaada kwa wasio na kazi, na wafanyakazi wa msimu waliofikisha siku zinazohitajika wanaupata. Ila kwa wengi msaada huo unadumu miezi michache tu na haufiki mpaka hoteli zifunguliwe tena. Sheria inampa pia mfanyakazi wa hoteli ya msimu haki ya kuitwa tena mwaka unaofuata, kwa masharti fulani. Hata hivyo, katikati ya mshahara wa mwisho na ule wa kwanza kuna shimo, na kila familia inajua namna yake ya kulivuka.

Namna ya zamani zaidi ni shamba. Kuanzia Oktoba mpaka Januari familia zinavuna zeituni: nyavu zinatandikwa chini ya miti, matawi yanapigwa ao kutikiswa kwa mashine, magunia yanapelekwa kwenye kinu. Mafuta mengine yanauzishwa, mengine yanabaki nyumbani kwa mwaka mzima. Kule Embonas, chini ya mlima Attavyros wenye mita 1,215, na kule Siana, watu wanatengeneza divai, asali na suma. Suma ni pombe kali ya mabaki ya zabibu, inayopikwa ndani ya vyungu vya shaba. Mtu wa Kivu angeiita ndugu ya kanyanga. Tofauti ni kwamba wanakijiji wanaipika kwa ruhusa, na siku ya kuipika ni sherehe, watu wanakula nyama na kuimba kando ya moto.

Wengine wanashika kazi za ujenzi, sababu wakati huu ndio wa kurekebisha hoteli. Wengine wanakwenda Athens ao nje ya nchi mpaka masika. Mji wenyewe haufi kabisa: uko na hospitali, biro za serikali, na sehemu ya Chuo Kikuu cha Aegean, na wanafunzi ndio wanaojaza mikahawa usiku wa baridi.

Lakini wanafunzi hao na walimu wa shule wako na shida yao. Katika visiwa vingi vya Ugiriki, wenye nyumba wanakubali kupangisha mwalimu tangu Septemba mpaka Mei tu. Masika ikifika anaambiwa atoke, sababu mtalii atalipa kwa wiki moja kile mwalimu anacholipa kwa muda mrefu. Katika visiwa vidogo, walimu na waganga wanakataa kazi juu ya kukosa pa kulala. Kumbe, utulivu wa mgeni na makao ya mwalimu vinakutana kwenye ufunguo mmoja.

Hata hivyo, ni katika miezi hii kisiwa kinakuwa cha wenyewe. Tarehe 28 Oktoba wanafunzi wanaandamana kukumbuka siku ya mwaka 1940 ambayo Ugiriki ilikataa masharti ya Mussolini. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, padri anatupa msalaba ndani ya maji ya bandari na vijana wanaruka kwenye bahari baridi kuutafuta. Anayeupata anapewa baraka ya mwaka. Mbele ya Kwaresima kunakuwa karnavali, na siku ya kwanza ya mfungo watu wanatoka nje na watoto kurusha tiara. Sikukuu hizo hazikupangwa kwa ajili ya mtalii. Akija anakaribishwa, asipokuja, zinaendelea.

Moto wa 2023 na somo lake

Tarehe 18 Julai 2023 moto uliwaka milimani katikati ya kisiwa. Siku nne baadaye upepo uliusukuma mpaka kwenye vijiji na hoteli za kusini-mashariki, kama vile Kiotari na Gennadi. Watu wapatao 19,000 walihamishwa, wengi wao watalii; walitembea usiku na mabegi, wengine walichukuliwa ufukoni kwa boti. Serikali ilisema ilikuwa kazi kubwa kupita zote za kuhamisha watu juu ya moto wa pori katika nchi ile. Zaidi ya hekta 15,000 za msitu, mizeituni na mashamba ziliungua. Wakaaji wengi walifungua nyumba, makanisa na shule zao, wakagawia wageni maji na mikate.

Kisha moto, serikali ya Ugiriki iliahidi wale waliokatishiwa vakansi kwamba watarudi Rhodes kwa wiki moja kwa msaada wa serikali. Na ni wakati gani uliochaguliwa? Si Julai. Ni mwanzo na mwisho wa msimu wa 2024, masika na vuli. Hapo nia mbili zilikutana: kulipa deni kwa mgeni, na kuleta watu wakati kisiwa kina nafasi.

Somo hilo wataalamu wa utalii wanalirudilia. Kiangazi cha bahari ya kati kinazidi kuwa cha hatari, joto na moto vikifuatana, na maji yanahitajika zaidi wakati ule ule ambapo hakuna hata tone la mvua. Kama sehemu ya wageni ingehamia Oktoba, Novemba ao Machi, kisima kingepumua na mfanyakazi angepata miezi zaidi ya mshahara.

Wengine kisiwani wanaogopa upande wa pili wa jambo hilo. Kama msimu ukirefuka bila mwisho, zeituni zitavunwa na nani? Mwalimu atalala wapi? Na ile miezi ambayo mji ni wa wenyewe itabaki wapi? Mashindano hayo hayajaisha.

Njia ya Rhodes mpaka Katanga

Mbele ya utalii, Rhodes haikuweza kulisha watoto wake wote. Watu walihama, na sehemu ya njia yao ilifika Kongo.

Ndani ya mji wa zamani kuna kartie ya Wayahudi. Waliishi pale kwa karne nyingi, wakisema Kispania cha zamani, sababu mababu wengi walifukuzwa kutoka Hispania mwaka 1492. Sinagogi lao Kahal Shalom, la mwaka 1577, ndilo la zamani zaidi linalotumika bado katika Ugiriki. Mwanzoni mwa karne ya 20 jamii hiyo ilikuwa na watu kama 4,000. Umasikini uliwasukuma vijana kwenda Marekani, Rhodesia na Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Italia zilifunga milango mingi kwa waliobaki.

Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa moja ya miji iliyowapokea. Sinagogi lililojengwa pale mwaka 1930 lingali limesimama. Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, aliongoza jamii hiyo kwa miaka mingi tangu 1937. Wagiriki Wakristo nao walikuja, wakashika biashara, na kule Kasenga kwenye mto Luapula walijulikana kwa uvuvi na uuzishaji wa samaki. Nissim Soriano, Myahudi aliyetoka Rhodes, alikaa upande wa ziwa Mweru akifanya biashara. Mtoto wake Moïse Katumbi, aliyezaliwa Kashobwe mwaka 1964, alikuja kuwa gavana wa Katanga na mwanasiasa anayejulikana nchi nzima.

Waliohama walipona. Waliobaki, katika mwezi wa saba 1944, walikusanywa na Wajerumani. Zaidi ya 1,600 walipakiwa kwenye boti na kisha treni mpaka Auschwitz. Waliorudi hai hawakufika 200. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliokoa makumi kadhaa kwa kudai kwamba ni raia wa nchi yake ao ndugu za raia.

Leo kartie hiyo ina uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, na jiwe jeusi la ukumbusho. Katika Agosti meza za mikahawa zinalizunguka na makelele ni mengi. Katika Januari uwanja uko mtupu, na jiwe linasomeka. Anayetaka kuingia sinagogi wakati huo ni vizuri aulize mbele saa za kufungua. Kwa Mkongomani anayejua historia ya Katanga, hapo si mahali pa kupita tu akipiga picha.

Baridi si pumziko kwa kila mtu

Kwa familia nyingi za mashariki mwa Kongo, visiwa vya Ugiriki vilijulikana kwa njia ingine: Lesbos na Samos, kaskazini mwa Rhodes. Wakongomani waliokimbia vita na mateso walivuka kutoka Uturuki kwa boti za mpira, na katika miaka ya 2019 na 2020 walikuwa kati ya mataifa yenye watu wengi katika kambi ya Moria kule Lesbos. Kambi hiyo iliungua mwezi wa tisa 2020. Kwa wale waliokuwa ndani ya hema, Novemba ilimaanisha matope, upepo na watoto wanaokohoa. Bahari ile ile, mwezi ule ule. Tofauti ni karatasi aliyo nayo mtu mkononi na paa lililo juu yake.

Mtu wa kutoka Kongo anaweza kwenda?

Anaweza, kwa njia halali, lakini inafaa ajue masharti. Ugiriki iko ndani ya eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye paspoti ya Kongo anahitaji viza. Ile ya muda mfupi inaruhusu siku 90 kwa kila siku 180. Tangu tarehe 11 Juni 2024 mtu mkubwa analipa euro 90, na feza hizo hazirudishwi kama viza ikikataliwa. Anatakiwa kuonyesha bima ya ugonjwa inayofika euro 30,000, pa kulala, tiketi na uwezo wa kuishi kule. Ombi linaweza kupelekwa tangu miezi sita mbele ya safari, na si chini ya siku 15.

Yeyote anayeahidi "viza ya utalii ya Ugiriki" kwa kutumiwa feza kwa simu, bila mtu kujionyesha na kutoa alama za vidole mahali rasmi, aulizwe maswali mengi mbele ya kupewa hata franka moja. Na anayeahidi kazi ya hoteli mwezi wa kumi na mbili kule Rhodes aulizwe zaidi: katika mwezi huo hoteli nyingi za kisiwa zimefungwa, na hata watoto wa pale wenyewe wanangojea Aprili.